Napika Mto

Mashine nimeiweka chooni, juu ya kigodoro
alicholalia Azzan kabla hajaota meno.
"Mtetemo haupiti godoro," alinihakikishia muuzaji.
Hakusema kama hupita ukuta.

Siku ya tatu Bi Rayya akabisha hodi:
"Jirani, friji lako linakata roho."
Nikamshika mkono aje aone:
bakuli la plastiki lenye kifundo katikati,
mawe kilo mbili yanatambaa ndani yake,
yanapanda pembeni, yanazama kati,
taratibu, kama wali usio na haraka ya kuiva.
"Unapika nini?"
"Napika mto."

Maana mto wenyewe haupo.
Ibra tuna wadi: njia ya maji isiyo na maji.
Mvua ikija huja na hasira zake,
usiku mmoja hubeba mbuzi na gari la mtu,
asubuhi imesahau.
Jiwe la huku limepigwa sana.
Kubembelezwa, bado.

Ijumaa, jua halijawa adui, huinama kule
na viatu vya Humaid, vinanipwaya.
Akiki ya rangi ya chai ya mkandaa.
Yaspi nyekundu, mbichi kama ini.
Na lile la kijani lenye mistari, laini, zuri,
nililoambiwa nisilichanganye na magumu
nikalichanganya.

Unga wa msasa, namba mia mbili ishirini.
Maji kidogo. Hufanya uji wa kijivu.
Uji ukikauka, mawe husimama.
Maji yakizidi, unga huzama, mawe hugombana.
Basi saa tisa za usiku niko chooni
na chupa ya kunyunyizia nguo za pasi,
napuliza, nasikiliza.
Humaid kitandani: "Umeniletea mke mwenza."

(Uji huo usiumwage kwenye sinki.
Mie nilimwaga. Uliganda mle kama saruji.
Fundi alikuja na nyundo, akaondoka na riali ishirini na tano.)

Ipo mashine nyengine, ya pipa, ya kubingirisha.
Hiyo hula pembe zote. Unatia jiwe, unatoa yai.
Hii yangu haibingirishi, hutetemesha tu;
jiwe hutoka na bega lake, na kigongo chake,
na pale lilipovunjika.

Nilitoka Wete nina miaka kumi na tisa.
Kiarabu changu kilikuwa kokoto mdomoni.
Wifi yangu Shamsa alinirudisha kila neno:
"Ha ya kooni, si ya kifuani. Tena. Tena."
Kwenye chakula. Kwenye msiba. Mbele ya wageni.
Miaka ya pipa ile.
Ha yangu sasa haina kasoro,
na mawe nayahesabu moja, mbili, tatu,
Azzan ananifuata: nne, tano.

Lile la kijani lilimeguka wakati wa unga mweupe, wa mwisho.
Punje zake zikawachora wenzake wote.
Nilikaa juu ya ndoo, nikatukana Kipemba,
nikaosha bakuli mara saba,
nikaanza tena, mia mbili ishirini.

Leo nimezima.
Nimeyaosha kwa sabuni, nimeyatandaza juu ya taulo.
Yanawaka. Siyaamini.
Jiwe lenye maji hung'aa lolote, hata la barabarani;
subiri likauke ndipo ulijue.
Nimekaa nayo. Maji yanaondoka kingo kwa kingo.
Moja limefifia. Jengine limefifia.
La tatu, akiki yenye pembe kama kiwiko,
limekauka na taa ya dari bado imo ndani yake.

Mlango unagongwa.
Bi Rayya, buibui juu ya nguo za kulalia:
"Mbona kimya? Nimeshindwa kulala."
Namtilia kiwiko kile kiganjani.
Anakipapasa, anafika kwenye pembe, anasita.
"Hapa hukumaliza," anasema.
Lakini harudishi.