Mto wa Pini

Miaka kumi na minne nimeshona na pini mdomoni.
Sita shavu la kushoto, nne la kulia,
na moja ya kichwa cheupe katikati, ya akiba,
kama jino lililochelewa kuota.

Hapa Soko la Uhuru, Jogoo Road, wananijua kwa Mm.
Mm ya kupanda ni ndiyo.
Mm ya kushuka, hapana.
Mm ndefu ni kwamba stima imepotea, rudi Alhamisi.
Husema kimya kingi kina mshindo.
Changu kilikuwa na pini kumi na moja.

Jumatatu nikapiga chafya.
Kasyoka akaokota sakafuni, akapekua pindo la sketi,
akahesabu, akahesabu tena:
kumi.
Nikameza mate polepole,
nikalisikiliza koo langu
kama mtu anayesikiliza mlango usiku.
Hadi saa tisa, alipopiga ukelele:
ilikuwa ndani ya kiatu chake.

Jioni ile sikushona ya mtu.
Nikakata miduara miwili kwenye masalio ya sare,
mmoja marun, mmoja kijani cha chupa,
watoto wa shule mbili zisizopatana uwanjani.
Nikaishona ndani nje,
nikaacha mwanya wa vidole viwili, nikageuza.

Wa kujaza, nilitaka nywele.
Aliyenifunza kazi alisema nywele hulainisha sindano.
Otiato kinyozi akaukumbatia ufagio wake:
“Mama, wateja wakisikia vichwa vyao
vinadungwa pini pale kwako,
mimi nitakula wapi?”
Basi nikajaza sufi ya godoro kuukuu,
na katikati tonge la chuma cha kusugulia sufuria,
linoe ncha kila inapoingia.

Ukanda ulikuwa mpira wa kiuno
wa sketi iliyokataliwa na mwenyewe.
Nikauzungusha shingoni mwa cherehani,
mbali na njia ya uzi, mbali na gurudumu,
nikaufunga kwa kifungo kisicho na ndugu.
Chuma cheusi kikakaa kama mzee
aliyevaa saa ya mkono mara ya kwanza,
anayeogopa kuulizwa saa ngapi.

Mto wa kulalia, mto wa maji: neno moja.
Ule wa Gikomba hubeba kila ulichotupiwa
na haurudishi.
Huu wangu umesimama hapo hapo,
unabeba kumi na moja,
na ninaponyoosha mkono bila kutazama
unanipa.

Alhamisi akaja Gathecha, dalali wa mashati.
“Mia tatu, kabla shule zifunguliwe.
Kushona themanini kila moja, kama mwaka jana.
Sivyo, mama?”

Ulimi ukatoka kwenda kazini.
Ukapita shavu la kushoto, ukapita la kulia,
ukakuta nyumba tupu, imefagiwa.
Niliitafuta Mm, haikuwapo.

“Mia moja thelathini,” nikasema.

Cherehani ya Kasyoka ikanyamaza.
Gathecha akachungulia nyuma yangu
kumtafuta aliyesema.
“Na vifungo ulete wewe,” aliyesema akaongeza,
“vya mwaka jana nilinunua mimi.”

Akachomoa pini moja kwenye mto,
akaigeuza mwangani kana kwamba anasoma bei,
akairudisha, imelala upande.
“Basi nitaulizia kule mbele.”
“Ulizia.”

Hajarudi. Leo Jumamosi.
Kasyoka hasemi kitu, anakanyaga tu,
ila nimeona naye ameanza kukata
miduara miwili, ya buluu.
Mimi kila asubuhi bado naonja chuma
mahali pasipo na chuma.

Ile pini nimeiinua.
Imesimama wima na wenzake.
Mguu wangu unashuka, kitambaa kinakwenda.

Akirudi ni mia moja arobaini.