Mtoto wa Chupa

Swali la kwanza: jike kashika mimba, utajuaje
bila damu, bila mashine, bila mkono wako kuingia?
Mpelekee dume.
Akikunja magoti akalala, bado.
Akisimama, akalaza masikio,
akamtemea dume mate ya kijani usoni,
andika: ndiyo.
Niliandika ndiyo, nikapewa alama zote.
Mate mengine yaliniangukia begani,
yakanuka wiki nzima kama majani yaliyovundia guniani,
na Wilfredo, jirani yangu wa dawati, akasema
hata wewe umekataliwa rasmi.

Swali la pili: kwa nini alpaka huzaa asubuhi?
Kwa sababu huku juu Macusani usiku ni kisu.
Mama hujizuia (sijaona kitabu kinachoeleza hujizuiaje)
mpaka jua lipande, manyoya ya mtoto yakauke,
asimame, aanguke, asimame,
anyonye dang'a kabla baridi haijarudi
kuhesabu waliobaki.
Uchungu ukianza jioni, kimbia.

Nilikimbia.
Mwaka wa pili, mwezi wa Februari,
mvua ya mawe ikipiga bati la Mama Saturnina Ccahuana.
Mtoto alitanguliza miguu ya nyuma.
Nilimtoa. Mama yake hakuinuka.
Nikamtia ndani ya koti langu, mzito kidogo tu kuliko paka,
nikamlisha kwa chupa ya soda kila baada ya saa mbili,
nikampa jina.
Dakta Eleuteria alituonya kuhusu majina,
hakutuonya vya kutosha.
Nilimwita Chulla: kwa Kikechua,
kile kilichopotewa na pacha wake,
kama soksi moja.

Chulla alilala miguuni pangu.
Alinifuata hadi chooni, akangoja mlangoni.
Alivuma kwa puani, mmm?, kama anayeuliza,
nami nikavuma, mmm, kama ninayejua jibu.
Ng'ambo ya ukuta wa mawe wenzake walikimbizana,
wakapigana shingo, wakafundishana adabu.
Hakuwatazama.
Nami, Mungu anisamehe, nilijivunia hilo.

Swali la tatu lina mistari mitano tu ya kujibia:
eleza chanzo cha ukali wa dume aliyelelewa na mtu.

Mstari wa kwanza: hana chuki.
Mstari wa pili: alinitambua. Ndiyo shida yenyewe.
Alipobalehe aliniona jinsi nilivyomfundisha kuniona,
alpaka mwenzake, mwenye miguu miwili na harufu ya sabuni,
anayesimama kwenye eneo lake.
Akanigonga kifua. Akanilalia shingo kwa shingo.
Akaniuma goti, na goti hilo hadi leo
hutabiri mvua kuliko redio.
Sikuwa na meno ya kumjibu, wala lugha.
Angeumwa na mjomba wake mara moja, utotoni,
angeelewa maisha yake yote.

Mistari ilikwisha. Nikaendelea pembeni mwa karatasi.
Kwamba kumhasi wakati ule kulikuwa kuchelewa.
Kwamba Mama Saturnina hakunilaumu, aliuliza tu,
akiangalia wajukuu wake wakicheza uani:
sasa, binti, tufanye nini?
Kwamba mimi ndiye niliyesaini.
Kwamba alikuja mwenyewe, bila kamba,
kwa sababu nilikuwa mbele.

Mtahini aliweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu
na kunipa tatu kwa tano.

Februari imerudi. Kuna mwingine, wa kahawia,
na mama yake ana maziwa ya titi moja tu.
Nimefunga chupa kwenye ubao wa zizi,
katikati ya majike na kinyesi na mateke ya watoto wenziwe.
Naleta maziwa ya moto. Napima joto lake. Naandika uzito.
Natoka nikiwa nimemgeuzia mgongo.
Sina jina lake. Kwenye daftari ni kumi na saba.

Ananyonya, anaacha, ananitafuta kati ya mbao.
Mmm?

Nafunga midomo.
Nyuma yake jike mmoja mzee, asiye wake,
anainamisha kichwa, anamnusa mkia.