Kamba ya Kengele

Nilipanda Mlima Lozère mwezi wa kumi
na fomu kumi na saba ndani ya mkoba wa mkoa:
Jina la jengo. Karne. Hali. Matumizi ya sasa.
Kazi yangu ni kuhesabu vilivyosimama
kabla havijalala.

Lami ilipokwisha, mawe yakaanza kunitazama,
mawe ya itale, makubwa kama ng'ombe wanaocheua.
Juu ya moja, msalaba wa ncha nane,
alama ya mpaka wa watawa wenye panga
waliomiliki malisho haya, na umande wake.
Nikaupapasa mchongo kwa kidole.
Mpaka upo. Wenye mpaka wako wapi?

Kijiji kina nyumba tisa na moshi mmoja.
Nikaufuata moshi.

Huguette Vaissade hakuniuliza natoka wapi.
Aliniuliza kama nimekula.
Supu ya kabichi, mkate mweusi mgumu,
jibini linalonuka zizi; na mgeni kweli
akawa dawa ya mwenyeji: alizungumza
kama mtu afunguaye dirisha lililokwama tangu masika.

"Umekuja kuona mnara," akasema.
"Mnara bila kamba ni jiwe juu ya jiwe."
Akafunua sanduku la mkate,
akatoa kamba ya katani, nyeusi kwa viganja,
imejiviringa kama nyoka aliyeshiba.
Watalii wa Julai huivuta kwa mchezo,
ndiyo maana inalala na unga.

Mnara wenyewe hauna kanisa.
Nguzo mbili, tao, kengele ndogo
ambayo haijapata kumwita mtu kusali.
Iliwekwa kwa ajili ya theluji:
upepo ukiinua nyanda nzima na kuichanganya na mbingu,
mtu hufa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.
Basi zilipangwa zamu, nyumba kwa nyumba,
ipigwe usiku kucha
hata kama hakuna anayejulikana kuwa njiani.
"Hasa kama hajulikani," Huguette akanisahihisha.

Mwaka wa arobaini na nane mama yake alipiga siku mbili
kwa ajili ya Léonce, mpeleka barua.
Viganja vilichubuka; akavifunga vitambaa, akaendelea.
"Alifika?"
Alikuwa akifunga kamba kwenye ulimi wa chuma, bila haraka.
"Barua zilifika. Mwezi wa nne, theluji ilipoyeyuka.
Moja ilikuwa yetu. Bili ya mbegu."

Mimi sikucheka. Yeye alicheka.

Nikapima kimo. Nikaandika: Hali, nzuri.
Penye Matumizi ya sasa nikaandika: Hakuna.
Aliisoma juu chini, akiwa upande wa pili wa karatasi,
hakusema kitu, akatazama magharibi
ambako ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka
ukimeza ukuta baada ya ukuta, kondoo baada ya kondoo.
"Nenda sasa. Teremka polepole."

Gari likawa yai ndani ya pamba.
Taa zilinirudia usoni mwenyewe.
Kwenye kona ya tatu, au ya nne, nikasimama:
mbele sioni, na kulia najua kuna korongo.
Nikashusha kioo.

Ngo.
Kisha kimya, kimya cha pumzi mbili
za bibi wa miaka themanini na sita.
Ngo.

Haikunionyesha ninakokwenda.
Ilinionyesha nyuma ilipo,
na aliye na nyuma
anaweza kuitafuta mbele yake.
Nikaiweka sauti ile juu ya bega la kushoto,
nikateremka nayo hadi darajani,
na hata pale, sauti ya mto ilipoifunika,
nilijua bado anapiga.

Fomu iko mezani kwangu, ofisini.
Neno Hakuna nimelikata kwa kalamu ya risasi.
Sijapata la kuweka mahali pake.
Mkuu wa idara ameshaniuliza mara mbili.