Gati Lisilo na Bahari

Shangazi Altheda hatembei ufuoni kama wageni.
Wageni hutazama maji.
Yeye hutazama chini, kisha mlimani, kisha chini tena,
kama mtu anayelinganisha risiti na chenji.

Tumeanzia kaskazini, saa moja asubuhi,
viatu mkononi, kichwani kwake kofia ya marehemu mumewe.
"Mchanga wa Montserrat ni mweusi, usiuonee haya.
Ngoja saa sita, utakuunguza nyayo
mpaka umtaje mama yako."
Nauchota. Ni mzito kuliko nilivyodhani,
unanata vidoleni kama unga wa chuma.

Upo ufuo mmoja mweupe, ng'ambo ya kilima,
wa kufikiwa kwa mashua au kwa magoti.
Wageni huukimbilia huo kwanza.
Shangazi amefika mara mbili maishani mwake,
mara zote kwa harusi za watu.

Penye miamba pana mti wenye vitunda kama tufaha changa.
"Usiguse. Na mvua ikinyesha usijikinge hapo,
utomvu wake hubabua ngozi."
Anauzunguka kwa mbali, kwa adabu,
kama anavyompisha Bi Cassell
waliyekosana naye kwa ajili ya mbuzi.

Mimi nilizaliwa Uingereza,
miezi mitano baada ya meli kumchukua mama.
Baba alibaki nyuma siku mbili zaidi,
kwa ajili ya ng'ombe.
Kisiwa hiki nilikisikia kwenye simu, Jumapili,
sauti ikikatika katikati ya majina ya ghuba,
hata nikadhani kila ghuba ina nusu ya jina.

Jua linapanda. Mwari anajitupa majini kama mzigo,
anaibuka na mdomo mtupu, anajifanya hakukusudia.
Tunavuka kijito ambacho shangazi hakijui.
Anasimama. Anahesabu kwa vidole: kanisa, duka la barafu,
mnazi uliopinda wa familia ya Tuitt.
Kisha ananionyesha mahali tulipokanyaga.

"Hapa palikuwa bahari."

Nimesoma habari za pwani nyingi,
nyumba zikimegwa, makaburi yakioshwa.
Kwingine bahari hula nchi.
Kwetu nchi imeila bahari:
mlima ulitapika, mito ikashuka na tope,
ghuba ikajaa mpaka shingoni, ikanyamaza.

Malori mawili yanapita, yamejaa mchanga.
Mlima uliotufukuza sasa unauzwa kwa tani,
unapakiwa melini kwenda kujenga
vyumba vya hoteli kwenye visiwa vya watu.
Shangazi anawapungia madereva. Mmoja ni mwanafunzi wake wa zamani.
"Hesabu hakuzijua," anasema, "sasa anapima tani."

Na hilo hapo, gati.
Limesimama nchi kavu, vichaka kiunoni,
nguzo zake bado zina alama ya maji kupwa na kujaa.
Mbuzi wawili wamelala kivulini mwake.
Bahari iko kule, mwendo wa kumaliza andazi.

Shangazi anatembea juu ya saruji mpaka mwisho,
anaketi, ananing'iniza miguu.
Majani yanamtekenya nyayo.
"Hapa ndipo baba yako aliponisukuma,
nikiwa na miaka saba. Nilimeza nusu ya ghuba.
Nikaibuka najua kuogelea, nikampiga kofi."
Anacheka, kisha hacheki.
Anafuta kitu kwenye shavu, majivu labda,
upepo ukitoka kusini huleta majivu.

Nikasimama ukingoni kando yake
nikitafuta la kusema, neno la mtu mzima.
Sikulipata.
Nikahisi kiganja mgongoni, kigumu, cha mwalimu,
na dunia ikaondoka chini yangu.

Kimo cha mtoto tu. Mchanga ulinipokea hadi vifundoni,
mbuzi wakaruka, wakalalamika.
Juu, kofia ya mwanamume na meno yote nje.
"Umeibuka?" akauliza.

Sikuweza kumjibu mara moja.
Nilikuwa nimeziba pua.