Kabla Hujaiondoa Maktaba

Nyaboke,
kiti ni chako kuanzia Jumatatu.
Droo ya chini haifungi, usiilazimishe.
Kikombe chenye ufa nimekiacha makusudi.
Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye kabrasha.

Aprili ya mwaka juzi, mvua imeifunga Ngara,
maji ya mtaro yamepanda ngazi ya duka la vioo hapo chini,
mashine za maji kule Mukuru zikaanza kufa.
Tatu. Kisha saba. Kisha moja, halafu kimya.
Akina mama wamepanga madumu ya njano,
kadi zimeshakatwa shilingi,
bomba halitoi hata tone.
Ofisi nzima ikanigeukia mimi.
Maktaba ilikuwa yangu: faili moja,
programu tano zinaiazima
kama sufuria kubwa ya chama.

Ndani yake nilikuwa nimewasha uzi.
Usidanganywe na jina. Huu si wa cherehani,
haukatwi kwa meno.
Ni mtu wa zamu: hulala, huamka kila sekunde kumi,
huuliza tangi lina kiasi gani,
huandika, hulala tena.

Nilimwamsha mapema mno,
maktaba bado inapakiwa, mguu mmoja ndani,
mpakiaji ameshika kufuli la nyumba.
Mimi nangoja uzi useme "nimefika."
Uzi unangoja kufuli.
Kufuli haliachiwi mpaka nimalize kuingia.
Sote mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake: tangulia wewe.
Adabu hiyo iliua mashine saba.

Iache iingie kwanza. Ikae. Ipoe.
Aliyeiazima ndiye aseme: anza.

Kosa la pili nililala nalo miaka miwili.

Kaka yangu Musyimi alifanya kazi za usiku kwenye kiwanda cha misumari.
Alama nyekundu ilichorwa ukutani akiwa kazini,
na tingatinga halikungoja kukuche.
Alirudi asubuhi na mkate chini ya kwapa, ufunguo mkononi;
mlango haupo,
wala ukuta wa kuushika mlango.
Ufunguo huo anao hadi leo.

Uzi nao huamka hivyo
ukiiondoa maktaba yeye akiwa usingizini.
Anwani ni ile ile aliyoiacha,
na pale palipokuwa na mstari wake unaofuata
pana shimo kwenye kumbukumbu.
Musyimi angalau alisimama, akatazama.
Uzi haujui kusimama. Huweka mguu,
na programu nzima huanguka nao,
hata sehemu zisizojua kwamba kulikuwa na uzi.

Watakwambia: muue tu, yaishe.
Usimuue.
Huenda ameshika kufuli la leja,
na maiti haikunjui ngumi.

Inua bendera.
Kisha mguse bega, maana aliyelala haoni bendera.
Kisha ngoja.
Amalize sentensi yake, aachie alichoshika, arudi.
Mimi niliwahi kumpa sekunde mbili nikadhani nimemtendea hisani;
zilitosha mpaka siku ile stima ilipopungua Mukuru.
Na usimngojee pale pale mlangoni, maktaba ikiwa inatoka:
kufuli la kutokea ndilo lile la kuingilia.
Mngojee mapema, ndani, watu wakiwa bado wamekaa.

Wahesabu waazimaji.
Wa kwanza awashe. Wa mwisho azime,
na wa katikati asiguse kitu hata akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Nakuandikia saa tatu usiku.
Mlinzi amekwisha kupita mara mbili akigonga funguo kwenye reli,
ananiuliza kwa macho kama nina kwetu.
Nilibonyeza simamisha kitambo.
Nilikuwa nikitazama kioo nione mstari mmoja tu,
na huu hapa umetokea:

uzi umerudi.

Sasa naweza kuchukua koti.