Kofia Kumi na Nne

Twalib alikitoa mfukoni kwa vidole viwili,
kidude cheusi, kizito kuliko umbo lake,
kina kipete cha shaba cha kuongezea sauti.
"Shangazi, hiki ni cha watu wanaojua kusikiliza."
Laki moja na elfu kumi na mbili.
Kaniachia siku tatu. Nikikikataa
ampelekee mwenye hoteli, Shela.

Mimi pesa siziwezi mpaka nizigeuze kazi.
Nadarizi kofia hapa Mkomani, dirishani,
kofia moja elfu nane
kama mnunuzi hana kiburi nami sina njaa.
Basi: kofia kumi na nne.
Miezi miwili kila moja, toa Ramadhani,
toa siku za kichwa.
Vijitundu sijui. Siku moja nilihesabu
nikafika mia sita, nikasinzia na sindano mkononi.

Hiyo ni bei ya macho.
Na masikio, tangu lini yakalipiwa na macho?

Bwanaadi kasema, "Friji imekufa tangu Maulidi,
nawe wataka muziki. Simu yako haiimbi?"
Yaimba. Waya wa masikioni umekatika mara mbili,
nimeufunga kwa uzi wa kofia.

Siku ya kwanza niliweka taarabu.
Kucha ya mpiga udi ikakwaruza waya karibu hivyo
nikavuta mguu, nimpishe akae.
Siku ya pili umeme ukakatika tangu alfajiri,
kidude kikazima,
laki nzima ikashinda imekalia pazia lisipeperuke.

Siku ya tatu nikakuta Twalib kaingiza humo
kaseti ya harusi yangu, themanini na saba,
vugo, wanawake na pembe zao.
Kaseti ile naijua. Nimeisikiliza
hata utepe ukawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu:
pembe, sauti, na mchakacho wa mafuta ya kukaangia.

Safari hii kila pembe ilikuja na mahali pake.
Kushoto wanne. Kulia watatu,
mmoja wao kachelewa tangu mwanzo hata mwisho
wala hakuna aliyemwambia.
Na huko nyuma, mlangoni, mtu akauliza,
"Wali utatosha?"
Mwingine akacheka,
kicheko chenye kikwazo katikati
kama mtu akosaye kipandio gizani.

Mwanate. Ndu yangu.
Aliyekufa bila hata "hodi" yake kurekodiwa,
ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanawe.

Nilirudisha mara kumi na moja.
Sindano ikaning'inia.

Magharibi, kabla Twalib hajaja,
nikachukua simu, na ule waya wangu wa viraka,
nikaweka harusi ileile.
Mafuta yakakaanga. Pembe zote rundo moja
kama nguo za kufua.
Na pale, baada ya ubeti wa pili,
akacheka.
Kwa mbali, kama nyumba ya pili, lakini akacheka.
Miaka yote alikuwamo
nami sikujua pa kutega sikio.

Sasa niambieni nilipie nini.
Aliyekuonyesha nyumba hulipwi kodi naye
wala humlipi, humshukuru tu, akaenda zake.

Lakini nisiseme uongo.
Simuni anacheka.
Katika kile cheusi, anacheka na tonge mdomoni.

Twalib akaja. Nikakirudisha kisandukuni
na kitambaa chake cha kukifutia.
"Umeonaje?"
"Ghali."
"Ghali si jibu, shangazi."
"Basi ni kizuri. Na ni ghali."
Akangoja niseme la tatu. Sikuwa nalo.

Friji imetengenezwa. Bwanaadi anywa maji ya baridi
na kunitazama kama aliyeshinda kesi.
Sikumwambia kuwa iko kofia nimeianza Jumatatu,
haina aliyeiagiza,
naishona usiku akilala,
na siihesabu pamoja na zile nyingine.