Hesabu Upya

Kule Muheza, nyuma ya korona,
tita moja la mkonge ni majani thelathini.
Ndivyo ilivyoandikwa ubaoni, nje ya ofisi.
Lakini Elikana, nyapara, alikuwa na thelathini yake:
alihesabu kwa ncha ya fimbo, akirukaruka,
na majani yako thelathini na manne
yakawa thelathini kasoro mawili.
Kisha mstari mwekundu kwenye kipande,
na siku ikafa.
Umekata, utomvu umekuwasha hadi kwapani,
lakini siku haipo.

Jumapili Elikana aliimba besi.
Mbele yake, benchi la pili, Gerevas Semhando, baba yangu,
mwalimu wa katekisimu, mkata mkonge,
namba mia mbili na sita.
Wote wawili walinywea kikombe kimoja.
Hili sijawahi kulielewa. Nalisema tu.

Siku ile nilipeleka uji.
Miaka tisa, kata kichwani, sufuria bado ya moto.
Baba alisema, wala si kwa sauti:
"Yamezidi manne, bwana."
Kofi nililisikia kabla sijaliona,
kama jani bichi likivunjwa.

Sasa elewa: mkata mkonge hana mkono mtupu.
Wanaume arobaini, visu arobaini,
vyote vimenolewa alfajiri ile ile.
Havikusema kitu. Vilianza tu kuondoka kiunoni.

Baba akakichomeka chake ardhini hadi mpini.
Shavuni mwake vidole vinne; nilivihesabu.
Akamgeuzia Elikana upande wa pili wa uso
na hakuinama.
Hapo ndipo watu hukosea,
wakidhani kugeuza shavu ni kugeuza mgongo.
"Hesabu upya," akasema. "Kwa sauti. Tutakusaidia."

Moja, akasema baba.
Mbili, akasema Athumani Shekue, ambaye hakuwa wa kanisa letu.
Tatu, akasema Mrundi Ntibarikure, kwa lafudhi ya kwao,
na kisu chake kikawa kimeshalala chini.
Kufikia kumi walikuwa wote.
Ilipofika thelathini baba alisita kidogo:
namba hiyo imewahi kununua mtu.
Kisha wakaanza tita la pili.

Walihesabu kila tita la shamba lile, jani kwa jani,
hadi kivuli cha mtu kikampita mwenyewe.
Troli zikakaa tupu relini.
Korona ikakosa cha kutafuna, ikanyamaza,
na kwa mara ya kwanza maishani
nikajua kwamba kambini kwetu kulikuwa na ndege.

Usidhani tulishinda.
Jumatatu kipande cha baba kilichanwa vipande.
Tulibeba mikeka na kuku wawili hadi Mkuzi, kwa bibi.
Wiki ya tatu habari ikatufikia:
thelathini imerudi kuwa thelathini.
Baba hakulipwa hata jani moja la hesabu hiyo.

Kaka yangu Danstani alimfokea usiku ule:
"Mlikuwa arobaini! Mngemkata!"
Baba alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha.
"Tungemkata, angekuja mwingine na fimbo ile ile.
Sikutaka Elikana apungue.
Nilitaka majani yaache kuongezeka."
Baadaye sana, nikidhani amelala, akaongeza:
"Na mkono wangu ulitaka. Usidhani haukutaka."

Tulipomzika, Elikana alikuja.
Mzee, koti limempwaya, amesimama pembeni
kama mtu aliyechelewa ibada.
Padre alipotualika tupeane amani
nilijishughulisha na kanga yangu.
Natamani kuandika kwamba nilimpa mkono.
Sikumpa.
Nilimtazama tu akiinama, kwa shida, kuchota udongo,
na midomo yangu ikawa inahesabu:
moja,
mbili,
tatu.
Hakuzidisha.